Waliochanjwa wa Silvik

Mwenyekiti wa halmashauri ya Silvik, Nestor Hrynchuk, alikuwa ameshampata mkosaji kabla Delphine Ducharme hajavua koti.

"Ni nyumba ya Froese," alisema, akigonga meza kwa kidole. "Hawachanji watoto, hawasikilizi redio, hawamsikilizi mtu. Kijana wao kaja shuleni na surua, sasa tuna watoto kumi na mmoja wenye vipele na mmoja yuko kwenye mashine hospitalini Winnipeg. Unatafuta nini tena, mama?"

Delphine alitundika koti kwenye msumari nyuma ya mlango. Alikuwa mpelelezi wa magonjwa wa wizara ya afya ya jimbo, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye nywele za kijivu alizozifunga nyuma kwa mpira. Alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri kandokando ya ziwa. Kwa karibu saa nzima ya mwisho hakuona kitu ila misonobari iliyolala chini, imeng'olewa na dhoruba ya kiangazi, na hakuna aliyeiondoa bado.

"Natafuta mahali ugonjwa ulipoanzia," alijibu.

Simu ilikuwa katikati ya meza, imewekwa sauti ya juu. Ndani yake alikuwamo Daktari Mehrotra, naibu mganga mkuu wa jimbo.

"Delphine, tamko la wizara litasomwa saa nane mchana," Mehrotra alisema. "Shamba la Froese linawekwa karantini, polisi getini. Watoto ambao hawajachanjwa wanabaki nyumbani. Waliochanjwa wanaendelea na shule kama kawaida."

"Kati ya hao kumi na mmoja, wangapi wamechanjwa?"

Kando ya dirisha aliketi nesi wa kliniki, Thora Sigurdson, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa iliyotulia mapajani. Ndiye nesi pekee Silvik.

"Tisa," Thora alisema. "Niliwachanja mwenyewe. Kompyuta inaonyesha."

"Tisa kati ya kumi na mmoja."

"Hakuna chanjo inayokinga watu wote," Nestor alidakia. "Hata mimi najua hilo."

"Kweli. Angeugua mmoja hapa, mwingine pale, nisingeshtuka. Lakini tisa, mji mdogo kama huu?" Delphine aliigeukia simu. "Daktari, usitamke neno waliochanjwa mpaka nikupigie."

"Una mpaka saa nane. Waziri mwenyewe ndiye atakayesoma."

Thora alinyanyuka, akasema wagonjwa wanamsubiri, akatoka. Delphine alimwangalia akivuka barabara. Katika kikao kizima nesi hakuwa amesema hata neno moja baya juu ya akina Froese, na mji mzima ulikuwa na la kusema.

*

Dirisha la mbele la nyumba ya Froese lilikuwa limezibwa kwa kipande cha boksi. Koplo wa polisi aliyesimama getini alisema jiwe lilirushwa juzi na hakuna aliyemwona mrushaji. Alilisema hilo huku akiangalia viatu vyake.

Abram Froese alitoka mpaka kwenye ngazi za kibaraza, akasimama hapo na kofia mkononi. Delphine alibaki uani, mbali kidogo, barakoa usoni.

"Kijana wako Peter anaendeleaje?"

"Homa imeshuka. Anaomba supu."

"Vipele vilianza lini? Kabla ya shule kufunguliwa au baada?"

"Baada. Juma la tatu." Abram alifikiri. "Alikuwa anaketi dawati moja na binti wa mwalimu. Yule binti alikuwa nyumbani na vipele kabla Peter hajakohoa hata mara moja."

"Binti wa mwalimu amechanjwa."

"Hivyo ndivyo wanavyosema."

"Uliwaambia watu wa halmashauri kwamba mwenzake alitangulia?"

Abram aliigeuza kofia mkononi. "Nani aliniuliza?"

Delphine aliwasha gari bila kuondoka. Surua huchukua kama wiki mbili tangu mtu aivute mpaka vipele vitokee. Ikiwa binti wa mwalimu alitangulia, basi Peter ndiye aliyeambukizwa. Mtoto aliyekingwa alikuwa amemwambukiza asiyekingwa. Mambo yalikuwa yamekaa kichwa chini miguu juu.

*

Rochelle Spence alifungua mlango akiwa amembeba mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, mnene, mwenye kijiko mdomoni. Macho ya mama yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi. Pacha wa mtoto yule, Willa, ndiye aliyekuwa kwenye mashine ya kupumulia Winnipeg, na baba yake alikuwa naye.

"Kama umekuja kuniuliza kama kweli nilimchanja mwanangu, rudi ulikotoka," Rochelle alisema. "Wameshaniuliza watatu. Mmoja aliniuliza kama nina hakika, utadhani nilimpeleka kutobolewa masikio."

"Nakuamini, mama. Nimekuja kumwona huyu."

Rochelle alishtuka, akamkumbatia mtoto. "Wyatt? Wyatt mzima."

"Ndiyo maana. Wanalala pamoja?"

"Kitanda kimoja. Wanagombania hata soksi. Willa alipoanza homa nilijua na huyu kesho yake. Nikangoja. Mpaka leo hana hata mafua."

"Na yeye ulimchanja siku ileile?"

"Hapana. Siku Thora anachanja watoto wote, hapo mwisho wa kiangazi, Wyatt alikuwa anaharisha. Nikamwacha na mama mkwe. Baadaye tulipokwenda Winnipeg kwa dada yangu, nikampeleka kliniki ya kule mtaani kwao." Kijiko cha mtoto kilianguka sakafuni. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

Delphine aliinama, akakiokota kijiko, akampa. Watoto wawili, tumbo moja, kitanda kimoja, pumzi ileile. Kilichotofautiana ni sindano.

"Bado sijui," alisema. "Nikijua, wewe utakuwa wa kwanza kusikia kutoka kwangu, si kwa redio."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Kabla ya kurudi barabarani alipiga simu kwenye nyumba tatu za wagonjwa. Kwa kila mzazi aliuliza swali moja tu: mtoto alichanjwa kabla ya dhoruba au baada yake? Baada, wakasema wote. Kisha akampigia mwalimu mkuu na kumuuliza juu ya watoto wa madarasa ya juu, waliochanjwa miaka ya nyuma. Walikuwa wanakaa ukumbi mmoja na wagonjwa, wanakula meza moja. Hakuna aliyeugua hata mmoja.

*

Duka la aiskrimu la Olha lilipakana na kliniki ukuta kwa ukuta. Majira ya baridi yakikaribia Olha aliuza zaidi kahawa na maandazi ya viazi, lakini friza kubwa bado ilisimama dukani, na juu yake picha za vikombe vya rangirangi.

"Dhoruba ile umeme ulikatika muda gani hapa kwako?" Delphine aliuliza, akiikumbatia kahawa kwa viganja.

"Usinikumbushe, dada yangu. Zaidi ya wiki. Na joto lile! Niliburuta ndoo zote uani nikamwaga. Mbwa wa mji mzima walikuja kulamba, na wengine hawakuwa mbwa." Olha alicheka peke yake, halafu akaacha. "Nguzo zilianguka kama njiti. Mtaa huu wote, kuanzia hapa mpaka posta, giza."

"Kliniki pia?"

"Laini moja. Ila wao wana jenereta."

"Uliisikia?"

Olha alikuwa anafuta kaunta. Mkono ulipunguza mwendo, kisha ukasimama.

"Ile jenereta wakiijaribu kila mwezi, vikombe vyangu vinacheza rafuni," alisema polepole. "Nilimlalamikia Thora mara ngapi. Lakini siku zile…" Alimtazama Delphine. "Siku zile kulikuwa kimya. Nilikuwa nalala hapahapa dukani kuwazuia wezi. Ningeisikia."

"Una hakika?"

"Unaniuliza mimi kama nina hakika? Nilikuwa naomba Mungu nisikie hata kelele ya redio." Alishusha sauti. "Dada, usije ukamfanyia Thora ubaya. Mwanamke yule ndiye aliyemzalisha binti yangu kwenye theluji, ndani ya gari."

Delphine aliweka pesa ya kahawa, akashukuru.

*

Jokofu la chanjo lilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha kliniki, chini ya dirisha la magharibi. Delphine alivaa glavu, akalifungua. Safi, limepangwa vizuri. Mpira wa mlango ulikuwa wa zamani, umeanza kupasuka. Rafu zilikuwa za zamani. Kipimajoto kinachotunza kumbukumbu ya joto, kilichobandikwa ndani, kilikuwa kipya kabisa. Hata karatasi ya plastiki juu ya kioo haijabanduliwa.

"Cha zamani kiko wapi?"

"Kilikufa," Thora alisema akiwa mlangoni. "Nikanunua kingine."

"Kilikufa lini?"

"Sikumbuki. Kiangazi."

"Umeme ulipokatika wiki nzima, chanjo uliziweka wapi?"

"Humo humo. Tuna jenereta."

"Iliwaka?"

"Iliwaka."

"Twende ukanionyeshe."

Jenereta ilikuwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kliniki, mashine nzito yenye magurudumu mawili. Delphine alipiga magoti kwenye saruji. Alimulika tochi kwenye wavu unaovuta hewa, akaingiza vidole viwili na kuchomoa kitu cheupe. Halafu kingine. Manyoya, makubwa, yamekaukia kwenye mafuta na vumbi.

"Bata bukini," alisema. "Mashine imevuta hewa ya mahali walipo mabata, na imeivuta muda mrefu mpaka wavu ukajaa. Hapa kliniki sioni bata." Aliinuka, akajipangusa magoti. "Nikiuliza mjini nani anafuga, nitaambiwa kwa dakika ngapi?"

Thora aliyatazama manyoya. Alikuwa ameegemea mlango wa kibanda na mikono yake mikubwa ilikuwa imeshikana.

"Sitaki kuuliza mjini, nesi. Nataka kukuuliza wewe."

"Mzee Mundi," Thora alisema. "Gudmundur. Kando ya ziwa, mwisho wa barabara ya shamba."

"Anaumwa nini?"

"Mapafu. Yuko kwenye mashine ya oksijeni usiku na mchana. Mitungi ya akiba ilikuwa inatosha siku moja." Sasa maneno yalikuja bila kusukumwa. "Niliita gari la wagonjwa, wakasema miti imeziba barabara kuu. Niliita helikopta, wakaniambia nisubiri. Nilimsikia kwenye simu, anavuta pumzi hivi, kama mtu anayezama. Nikaifunga jenereta kwenye pikapu nikaenda. Nilikata miti mitatu kwa msumeno njiani."

"Akaishi."

"Yuko hai. Nenda kamwone."

"Na chanjo?"

"Nilizitia kwenye boksi la barafu. Barafu ikaisha siku ya pili. Hakukuwa na barafu nyingine, Olha mwenyewe alikuwa anamwaga mali. Nilirudi nikakuta chumba kile ni tanuri. Kipimajoto kiliandika yote."

"Ukakitupa."

"Ziwani."

Delphine alingoja. Alikuwa amejifunza kwamba mtu akifika hapo, jambo la kuuliza ni moja tu, na halina haja ya kuulizwa kwa ukali.

"Kwa nini hukupiga simu moja tu, Thora? Wangekuletea nyingine."

"Mwaka jana mlango wa jokofu uliachwa wazi, tukamwaga boksi zima. Nestor alinikalisha mbele ya halmashauri. Akasema zikiharibika tena, kliniki inafungwa, watu watakwenda mji wa jirani. Unajua mji wa jirani uko wapi majira ya theluji? Nikafikiri juu ya akina mama. Nikafikiri juu ya Mundi. Halafu surua ikaanza kusini mwa jimbo, wizara ikatuma agizo tuchanje haraka kila mtoto aliyekosa. Wakaja wote siku moja, foleni mpaka barabarani. Nikajiambia watengenezaji huiwekea dawa nguvu ya ziada, labda joto halikuiua yote. Nikaendelea kujiambia hivyo, mtoto mmoja baada ya mwingine."

"Wangapi?"

"Wote waliokuja. Wote waliokuja baada ya dhoruba."

Delphine alitoa simu mfukoni. Ilikuwa imekaribia saa nane. Mehrotra alipokea akiwa anatembea. Nyuma yake kulisikika sauti za watu wengi na vyombo vya kupazia sauti vikijaribiwa.

"Daktari, msimamishe waziri. Chanjo za Silvik ziliharibika kwa joto. Watoto mnaotaka kuwaacha darasani hawana kinga yoyote, na wameshakaa na wagonjwa."

"Una majibu ya maabara?"

"Sina. Nina mapacha, mmoja alichanjwa hapa na anakata roho, mwingine alichanjwa Winnipeg na hana hata kamasi. Nina jokofu lililokaa bila umeme zaidi ya wiki."

"Delphine, nikimwambia waziri atamke mbele ya jimbo zima kwamba chanjo yetu haikufanya kazi, unajua kitakachotokea? Nusu ya watu hawatachanja tena mwaka huu. Nipe maabara. Kesho."

"Kesho wanaingia darasani."

Mkono ulinyooshwa mbele ya Delphine. Thora alikuwa amekifungua kiganja. Delphine alimtazama kidogo, akampa simu.

"Daktari, huyu ni Thora Sigurdson, nesi wa Silvik," alisema, sauti yake imenyooka. "Chanjo haina kosa. Kosa ni langu. Ziliungua mikononi mwangu, nikajua, nikawachoma watoto. Mwambie waziri atamke hivyo, na jina langu alitaje. Ila shule afunge leo."

Upande wa pili mlango ulifungwa, kelele za watu zikafifia. Kisha Mehrotra akasema, "Nitakupigia baada ya dakika kumi," na akakata.

Waziri alisoma tamko kwa kuchelewa. Shule ya Silvik ilifungwa. Jina la Froese halikusikika redioni.

Delphine hakulisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshafika mlangoni kwa Rochelle Spence, kama alivyoahidi, na alikuwa ameshasema aliyokuja kusema. Rochelle hakupiga kelele. Aliketi kwenye ngazi ya mlango na kumkalisha Wyatt mapajani, akamwambia Delphine aondoke tafadhali.

*

Siku iliyofuata ukumbi wa mpira wa magongo uligeuzwa kituo cha chanjo. Malori mawili ya wizara yalileta chanjo mpya kwenye majokofu yenye walinzi, na wauguzi sita kutoka Winnipeg. Watoto wachanga ambao sindano isingewahi kuwakinga walipewa dawa ya kingamwili, yenye kinga iliyo tayari. Nestor Hrynchuk alisimama kwenye lango akiwaelekeza watu mahali pa kuegesha magari. Lilipoingia gari la Abram Froese, na watoto wake wanne ambao hawajaugua nyuma, Nestor alivua kofia. Abram alishusha kioo.

"Hii ya leo ni nzima?" aliuliza.

"Nzima."

"Nataka kuisikia kwa yule mama wa wizara."

Delphine alikwenda akamwambia, naye akaegesha.

Thora hakuruhusiwa kushika sindano. Alikuwa ameondolewa kazini asubuhi hiyo, na koplo alikuwa amekwisha andika maelezo yake. Hakuna aliyemwambia abaki. Alikaa kwenye benchi la wachezaji, mahali ambapo kila mzazi aliyepita angemwona. Wengine waligeuza nyuso. Mzee mmoja alimshika bega akapita. Mama mmoja alimtemea mate miguuni, na Thora hakuyafuta.

Willa Spence alikuwa amefariki kabla ya jua kuchomoza.

Rochelle aliingia ukumbini foleni ikiwa ndefu zaidi. Nje gari lilikuwa linanguruma, dada yake kwenye usukani, tayari kwa safari ya Winnipeg. Watu walimpisha bila kuambiwa. Sauti zilikoma, zikabaki za watoto tu. Delphine aliweka chini alichokuwa ameshika na kusogea karibu, kwa kuwa hakujua mwanamke huyu amekuja na nini.

Rochelle alisimama mbele ya benchi. Thora aliinuka.

"Siku ile ulimpa stika ya samaki," Rochelle alisema. "Ukamwambia ni shujaa."

"Ndiyo."

"Nina swali moja. Usinijibu kama nesi. Siku ile, ulipomshika mkono, ulijua?"

Delphine aliyaona maneno yote yakipita usoni pa Thora: barabara zilizozibwa, mzee aliyekuwa anazama kitandani pake, mwenyekiti na vitisho vyake, labda. Yote yalikuwa ya kweli, na yote yalikuwa tayari ulimini.

"Nilijua," Thora alisema.

Rochelle aliitikia kwa kichwa, mara moja.

"Basi ukifika mahakamani useme hivyo hivyo. Usiseme ulichoka. Usiseme labda."

"Nitasema hivyo."

Rochelle alifunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akageuka, akapita katikati ya watu mpaka nje. Mlango wa gari ulifungwa. Ukumbini hakuna aliyetikisika mpaka muungurumo ulipopotea upande wa barabara kuu.

Delphine ndiye aliyeita jina lililofuata. Mtoto mdogo wa Froese alipanda kwenye kiti, akakunja mkono wa shati mwenyewe, akafumba macho.